Lenzi ipi ununue baada ya ile iliyokuja na kamera

Kabla ya kuulizia bei ya lenzi yoyote, kaa na picha zako mia mbili tatu za mwisho uzipitie. Kila picha ya dijitali huhifadhi taarifa za namna ilivyopigwa: milimita (ndogo huona upana, kubwa huvuta karibu), tundu la lenzi (namba ya f: ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi huingia), kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu za sekunde) na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga). Zilizokukera zinafanana nini? Kama nyingi zimepigwa kwenye milimita 18 na bado umelazimika kurudi nyuma hadi ukutani, unahitaji upana. Kama zimejaa kwenye 55 na mlengwa bado ni mdogo, unahitaji urefu. Na kama zimepigwa ndani ya nyumba, ISO iko juu na nyuso za watu zimevutika kwa mwendo, shida yako ni mwanga, na hakuna zumu ndefu itakayoitatua.

Orodha hii ni ya mtu mwenye kamera ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko ile kubwa iitwayo fulu fremu) na lenzi ya 18-55mm f/3.5-5.6, maana huko ndiko wengi wetu tunakoanzia.

Ya kwanza: lenzi ya f/1.8 isiyozumu

Naiweka kileleni bila kusita. Lenzi ya kuanzia ikivutwa hadi milimita 55 haifunguki zaidi ya f/5.6. Ukiweka 50mm f/1.8 mahali pake, mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Yaani picha ya sebuleni iliyohitaji shata ya 1/30 na ISO 6400 sasa unaweza kuipiga kwa 1/125 na ISO 2500 hivi. Mtoto anayecheza hatoki tena kama kivuli, na chengachenga za ISO zinapungua. Tena hizi ndizo lenzi za bei nafuu kuliko zote katika karibu kila kampuni, na ni nyepesi: Canon EF 50mm f/1.8 STM ina gramu 160 hivi.

Swali gumu ni milimita ngapi. Sensa ya APS-C hukata kingo, kwa hiyo 50mm huona kama 75mm ya fulu fremu kwenye Nikon, Sony na Fujifilm, na kama 80mm kwenye Canon. Hiyo inapendeza kwa picha za sura, lakini katika chumba kidogo utajikuta umebanwa na mlango huku watu wawili hawajaenea kwenye fremu. Anayepiga zaidi familia, mitaa na shughuli za ndani achukue 35mm. Anayepiga mtu mmoja mmoja achukue 50mm. Ukiwa na shaka, ifunge zumu yako kwenye 35 siku nzima, kesho yake kwenye 50, bila kuigusa. Utajua mwenyewe.

Tahadhari moja: f/1.8 inataka nidhamu ya fokasi. Ukiwa na 50mm umbali wa mita 2, eneo lililo kali ni kama sentimita 10. Ukisogea hadi mita 1 linabaki kama sentimita 2 na nusu, na hapo mtu akigeuza uso kidogo, jicho moja ni kali na la pili limeshafifia. Kwa kikundi cha watu funga tundu hadi f/4 au f/5.6.

Ya pili: zumu ya f/2.8 mwanzo hadi mwisho

Huyu ndiye mfanyakazi. Harusi, mahafali, mikutano: mahali ambapo huna nafasi ya kubadilisha lenzi wala ya kumwambia bibi harusi arudie kuingia. Tundu linabaki f/2.8 hata ukivuta hadi mwisho, na hiyo ni mara nne ya mwanga wa f/5.6. Sigma 18-50mm f/2.8 ya kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) ni ndogo kwa namna ya kushangaza. Tamron 17-70mm f/2.8 inafika mbali zaidi na ina kituliza mtikisiko, ila inaizidi Sigma hiyo uzito kwa gramu zaidi ya mia mbili. Kama picha zinakulipa, hii ipande iwe namba moja. Kama ni za kujifurahisha, ile ya f/1.8 itakufunza zaidi kwa gharama ndogo.

Ya tatu: zumu ndefu

Kwa mpira wa mchana, ndege na wanyama, 55-250mm au 70-300mm ya kawaida inatosha kabisa. Milimita 250 kwenye Canon ya APS-C huona kama 400mm, ambao si urefu wa kudharau. Usiisahau kasi ya shata: ukishika kwa mkono, anzia 1/400 au zaidi. Kituliza mtikisiko huzuia kutetemeka kwa mikono yako, hakimsimamishi mchezaji anayekimbia; hapo ni 1/1000 kwenda juu.

Jua likizama lenzi hizi huchoka mapema, maana mwisho wake ni f/5.6 au f/6.3. Jibu linalotajwa sana ni 70-200mm f/2.8, na ni jibu sahihi kwa mwenye uwezo, lakini nyingi zina uzito unaozidi kilo 1 na bei yake inaweza kupita ya kamera yenyewe. Kwa jukwaa au ukumbi wa ndani, 85mm f/1.8 hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi, mradi unaweza kusogea.

Ya nne na ya tano: makro na ile pana

Lenzi ya makro ya kweli hufika uwiano wa 1:1 (kitu hutua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi), ambapo mdudu wa sentimita 1 huchukua karibu nusu ya upana wa picha. Neno "macro" lililoandikwa ubavuni mwa zumu mara nyingi halimaanishi hivyo, kwa hiyo soma uwiano wenyewe. Kwa vito na bidhaa 60mm inafaa. Kwa wadudu chukua 90 au 100mm ili usiwatimue.

Ile pana, kama 10-18mm, ni ya majengo, vyumba na mandhari. Si ya watu: anayesimama ukingoni hutanuka kichwa. Kama unaihitaji mara chache tu, piga picha mbili tatu na uziunganishe.

Zumu ya 18-200mm naiweka mwisho. Ni rahisi safarini, ila tatizo la mwanga linabaki palepale.

Kabla hujalipa

Hakikisha lenzi inaingia kwenye kamera yako na inafokasi yenyewe. Lenzi za Canon EF (za kamera zake zenye kioo cha ndani, DSLR) hukaa vizuri kwenye kamera za RF (zile za mirrorless) kwa adapta, lakini lenzi ya RF haikai kwenye kamera ya EF. Lenzi za zamani za Nikon aina ya AF-D hazina mota, hivyo kwenye D3500 au D5600 utazungusha fokasi kwa mkono. Kama unafikiria kuhamia fulu fremu, lenzi zilizotengenezewa APS-C zitakukatia picha au zisiingie kabisa.

Iliyotumika ni biashara nzuri, ila nenda na tochi. Vua vifuniko vyote viwili, fungua tundu kabisa, mulika upande mmoja na uchungulie upande wa pili huku ukiinamisha lenzi taratibu. Vumbi kidogo lisikutishe. Nyuzinyuzi kama utando ni kuvu, achana nayo. Mchubuko kwenye kioo cha nyuma unaharibu picha kuliko ulio kwenye kioo cha mbele. Kisha ifunge kwenye kamera, piga picha tundu likiwa wazi kabisa, kisha kwenye f/8 na f/16, na ukuze kingo zote nne kwenye skrini. Upande mmoja ukiwa hafifu kuliko mwingine hata kwenye f/8, huenda lenzi ilishaanguka, hata muuzaji akiapa kwamba ilikaa kabatini.