AniList, MyAnimeList au MangaUpdates? Wewe unayetazama anime kwa flashi, hii ni yako

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo narekodi kioo cha kompyuta kabisa, maana swali hili mnaliuliza chini ya karibu kila video: nitumie nini kuweka kumbukumbu ya nilipofikia kwenye anime, yaani katuni za Japani, na manga, yaani hadithi zao za picha za kusoma? Na wengi mnaouliza najua mnavyotazama. Msimu wa kwanza uliuona Netflix, wa pili Crunchyroll, wa tatu ukaenda kuwekewa kwenye flashi pale kwa jamaa wa muvi mtaani. Manga unasoma kwenye simu ukiwa ndani ya daladala. Netflix inakumbuka ulipoishia. Flashi haikumbuki kitu. Kwa hiyo unahitaji sehemu moja, nje ya hizo zote, inayojua uko wapi.

Jibu langu nalitoa sasa hivi ili mwenye haraka aondoke nalo: AniList, tovuti ya kutunza orodha ya unachotazama na unachosoma. Ila mkibaki nitawaonyesha kwa nini, na nitawaonyesha pia sehemu mbili ambapo wenzake wanaipita. Kufungua akaunti sionyeshi, ni barua pepe na nywila, mnajua.

Haya, tazameni kioo. Huu ni ukurasa wangu wa mwanzo. Juu hapa ziko zile zinazorushwa sasa hivi Japani, na kila moja ina muda unaohesabu kurudi nyuma. Hii hapa: episodi ya 6, zimebaki siku 2 na saa 4. Ndiyo kitu ninachokipenda kuliko vyote humu, na nisikilizeni vizuri kwa nini nakipenda.

Anime nyingi Japani hurushwa usiku wa manane. Na televisheni za kule zina mtindo wao wa kuandika saa: saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumapili wanaiandika Jumamosi 25:30, yaani siku ya Jumamosi wanaivuta mbele. Sasa mtu uko Dar, umeona tangazo limeandikwa 25:30, unaanza kuumiza kichwa. Japani wametutangulia saa 6. Hesabu yake inakuja Jumamosi saa moja na nusu usiku, bado hujala. AniList inakuondolea hiyo hesabu yote, inakwambia tu zimebaki saa ngapi. Saa 3 zikibaki ni saa 3, uwe Dar, Mombasa, Bujumbura au Muscat.

Muwe makini na jambo moja tu: muda huo unafuata televisheni ya Japani. Tovuti unayotazamia wewe inaweza kuiweka baadaye kidogo, kwa hiyo msikimbilie kwenye maoni kulalamika dakika ileile.

Tuendelee. Chini yake ziko anime ninazotazama, na chini zaidi manga ninazosoma. Naweka mshale juu ya hii. Mmeona? Inaniambia niko episodi ya 3, na nimeachwa nyuma episodi 2. Nabonyeza alama ya kujumlisha. Tayari, 4. Nabonyeza tena, 5. Sijafungua ukurasa wa pili, sijajaza fomu yoyote. Mtu anayemaliza episodi saa sita usiku akiwa na usingizi hawezi kujaza fomu, atasema kesho, na kesho atasahau. Mimi huduma yoyote ya namna hii naipima hapo kwanza, kutoka kumaliza episodi mpaka kuiandika, mibonyezo mingapi. Hapa ni mmoja.

Sasa tuje kwenye suala la flashi, maana hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa na kuacha. Chukua Attack on Titan. Jamaa wa muvi amekuwekea mafaili yamepangwa 1, 2, 3 mpaka 87, mfululizo. Unaingia AniList unaitafuta, unakuta haipo moja, zipo nane! Msimu wa kwanza una ukurasa wake, wa pili wake, wa tatu umekatwa mara mbili, na ule wa mwisho umekatwa mara nne. MyAnimeList nayo ni karibu hivyohivyo, kwa hiyo msidhani mtakimbilia huko.

Wewe juzi umeishia faili namba 63. Unaiandika wapi? Chukueni kalamu. Msimu wa kwanza, 2013, episodi 25. Wa pili 12, tuko 37. Wa tatu nusu ya kwanza 12, tuko 49. Nusu ya pili 10, tuko 59. Kwa hiyo faili la 60 ndiyo episodi ya kwanza ya msimu wa mwisho, na lile la 63 ni episodi ya 4. Unafungua ukurasa wa msimu wa mwisho, unaandika 4. Sehemu hiyo ina 16, inafika faili la 75, halafu inayofuata ina 12, unafika 87. Mbele ya hapo zipo mbili ndefu za kufungia hadithi, ya pili ilitoka Novemba 2023, nazo kila moja ina ukurasa wake.

Mimi mpangilio huu unaniudhi, nasema wazi. Ninaelewa sababu yake: kila msimu ulitoka kivyake, una mwaka wake, na huu wa mwisho ulibadilisha hata studio, kutoka Wit kwenda MAPPA. Kwa mtunza kumbukumbu ina maana. Kwa mtazamaji mwenye flashi ni mateso. Afadhali AniList hapa kwenye ukurasa wa kila msimu inakuwekea uliotangulia na unaofuata, unaruka kwa kubonyeza. One Piece yenyewe haina taabu hii, tangu 1999 ni ukurasa mmoja, namba inapanda tu.

Ngoja niseme jambo la chaneli kabla sijasahau. Video za manga tunazihamishia Jumamosi, kwa sababu Jumapili mnatazama mpira na mimi pia natazama mpira. Kama hujasabskraibu, fanya hivyo, na ubonyeze kengele. Haya turudi.

Alama za kutoa. MyAnimeList wanakupa 1 mpaka 10, basi. AniList unachagua mwenyewe: kwa 100, kwa 10 yenye desimali, kwa 10 ya kawaida, nyota 5, au vile vinyuso vitatu, cha kununa, cha kawaida na cha kucheka. Tazameni, naingia kwenye mipangilio, nachagua vinyuso, narudi kwenye orodha, orodha nzima imegeuka. Nimetumia kumi yenye desimali muda mrefu, na najikuta nafikiri dakika nzima kama kitu ni 7.4 au 7.6. Kwa anayeanza, chukua vinyuso. Umependa, hujapenda, uko katikati, endelea na maisha.

Nimeshaisifu sana AniList, sasa niwape MyAnimeList haki yake. Ni ya 2004, watu wake ni wengi, na ukitaka kujua kama anime fulani inafaa kupoteza bando lako, maoni marefu ya watu utayapata kule. Halafu wana kanuni moja nzuri mno: alama yako haiingii kwenye wastani mpaka uwe umefikia angalau sehemu moja ya tano ya anime yenyewe. Ina maana kwa anime ya episodi 25, lazima ufike ya 5. Inapunguza wale wanaokuja kutoa 1 au 10 kabla hawajatazama chochote. Mimi ninapochagua cha kutazama, naanzia MyAnimeList. Ninapoandika nilichotazama, niko AniList. Ukiniuliza kwa nini nisibaki kulekule, nakujibu kwamba orodha yao ni nzuri kwenye kompyuta, ila ule muda unaohesabu na ule mbonyezo mmoja kwenye ukurasa wa mwanzo vimeshanizoesha vibaya.

Na wale wa simu: MyAnimeList wana programu yao wenyewe. AniList imeacha mlango wazi kwa watengenezaji wa nje, ndiyo maana kuna AniHyou, ya bure, na inafanya karibu yote mliyoona hapa kwa wepesi kuliko kufungua tovuti yenyewe, ambayo kwenye simu ndogo na mtandao wa kusuasua inahitaji subira.

Kitsu mtaniuliza. Ndiyo ile iliyokuwa Hummingbird, ikabadili jina 2016. Inapendeza machoni, inafanya kazi, sina ugomvi nayo, ila marafiki zangu hawapo kule. Anime-Planet ni ya siku nyingi, tangu 2001, nzuri kwa kupendekezewa vitu. Simkl ichukue kama unataka anime, muvi na tamthilia za kawaida sehemu moja. Tusonge.

Manga sasa, na hapa AniList inapitwa. Kwanza ilivyo: ukifungua manga kwenye orodha yako kuna nafasi mbili, ya chapta na ya juzuu. Attack on Titan ina chapta 139 kwenye juzuu 34, kwa hiyo anayenunua vitabu anajaza juzuu, anayesoma mtandaoni anajaza chapta. Vizuri. Ila zile chapta za nyongeza, 10.5 na wenzake, hazina mahali, nafasi inapokea namba kamili tu. Andika 10 uendelee.

Swali mnaloniletea kila siku ni hili: nimemaliza anime, manga nianzie chapta ya ngapi? Nendeni MangaUpdates. Tovuti ina sura ya zamani, msiikimbie kwa sababu hiyo. Natafuta Demon Slayer, nashuka chini taratibu, hapa. Mmeona? Kuna kipande kinachosema anime inaanzia chapta gani na inaishia chapta gani. Msimu wa kwanza wenye episodi 26 unaishia wahusika wakiwa wanapanda treni, na habari ya hiyo treni kwenye manga inaanza karibu na chapta ya 54. Hiki kipande kimeniokolea muda ambao ningeutumia kuuliza watu. Kwa mnaosoma manhwa, yaani hadithi za picha za Korea, wale wa Solo Leveling, MangaUpdates inafuatilia vizuri pia chapta mpya zinapotoka. Naipenda kiasi kwamba kama wewe ni msomaji tu na anime hutazami, chukua hii, AniList achana nayo. Najua mwanzo nimesema AniList, na kwa anayefanya vyote viwili bado nasema AniList.

Bei. Zote hizi nilizoonyesha unazitumia bure. Wanaotaka kuchangia wapo, unapata vitu vya kupamba wasifu wako na kuondoa matangazo, haikulazimishi. Pesa yako ipeleke kwenye kusoma na kutazama kwa halali. MANGA Plus, huduma ya kusoma manga ya Shueisha, wachapishaji wa Japani, huku kwetu inafunguka, na kwenye programu yao hadithi nyingi unasoma kila chapta mara moja bure. Mara moja! Sasa fikiria umesahau ulipoishia, unafungua ileile uliyokwisha kuisoma, inakwambia ulipie. Hapo ndipo ile namba kwenye orodha yako inapokuwa na thamani ya shilingi.

La mwisho, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna programu nyingi kule dukani zenye picha nzuri, zinahifadhi orodha ndani ya simu peke yake. Moja, jina lake nalihifadhi, iliondoka na orodha ya rafiki yangu yote siku simu ilipozama kwenye maji. Kabla hujaandika anime hata moja, uliza: orodha yangu naitoaje humu? MyAnimeList wana sehemu ya kutoa orodha, wanakupa faili la XML. AniList inalipokea faili hilo. Tazameni: naingia mipangilio, sehemu ya kuingiza orodha, nachagua faili, nasubiri. Zimekuja zote, na alama zake, na episodi nilizofikia. Kama uko MyAnimeList miaka yote na unaogopa kuhama, kuhama kwenyewe ndiko huko, na kule unakoacha hakifutwi kitu.

Linki zote ziko hapo chini. Jumamosi nakuja na MANGA Plus dhidi ya programu ya VIZ, wachapishaji wa manga kwa Kiingereza, nani anafunguka Afrika Mashariki na nani anakufungia mlango, kwa hiyo wa Nairobi na Kampala mniandikie kwenye maoni kwenu zinafunguka vipi, nitazisoma kabla sijarekodi.