Kuzunguka baa au kukaa baa moja usiku wa kongamano?

Mimi niko upande wa kuzunguka, niseme tu mapema. Mkikaa baa moja meza inakuwa ileile mpaka mnaondoka, uliyekaa naye kushoto ndo huyohuyo masaa manne mazima, na mabosi wanajikusanya kona yao. Mkizunguka, kila baa mnakaa upya, halafu ile njia kati ya baa na baa ndo penyewe: mnatembea wawili wawili, beji bado zinaning'inia shingoni, na mtu ambaye mchana kwenye slaidi zake kila kitu kilienda sawa anakusimulia jinsi projekti ilivyokwama kweli, hapo unajifunza kuliko semina nzima.

Ila pombe inapanda haraka, maana kila mlango mpya ni raundi mpya, na ini linasafisha kama kinywaji kimoja tu kwa saa, kahawa wala kuoga maji baridi hakuliharakishi. Kwa hiyo baa tatu zinatosha, mle kwanza, na katikati agiza soda au maji, hakuna anayekagua glasi yako.

Kukaa sehemu moja kunashinda kama mko zaidi ya kumi (mtapotezana tu), kama kuna mwenzenu anatembea kwa shida, au hanywi na anataka chakula na maongezi yanayosikika. Na kama kesho asubuhi ni zamu yako kupresenti, kaa hapohapo, saa nne usiku uwe kitandani.