Lisan al-Arab, chapa ya juzuu 15: nilivyoipima kwa neno moja

Kamusi kubwa ya Kiarabu haipimwi kwa maneno ambayo kila msomaji anayajua, bali kwa yale adimu. Kwa hiyo nilipoipata Lisan al-Arab, chapa ya Beirut ya juzuu 15, neno la kwanza nililolitafuta lilikuwa dhiizaa, ambalo katika Kurani limekuja mara 1 tu, aya ya 22 ya Sura an-Najm, likieleza mgawanyo wa dhuluma: watu kujichagulia watoto wa kiume na kumnasibishia Mwenyezi Mungu wa kike.

Kulifikia kunataka mazoea. Ibn Mandhur, aliyefariki mwaka 1311, aliipanga mizizi, yaani herufi za asili ambazo neno hujengwa juu yake, kwa herufi ya mwisho, kisha ya kwanza, hivyo mzizi wa neno hili, wenye herufi dhad, yaa na zay, umo katika mlango wa zay, juzuu ya 5.

Ukishafika, umefika kwenye hazina. Kitenzi dhaaza, yadhiizu ni kupotoka katika hukumu, na pia ni kumpunja mtu haki yake au kumnyima kabisa. Maumbo yaliyosikika kwa Waarabu yamekusanywa pamoja: dhiizaa, dhuuzaa, na yale yenye hamza (herufi ya mkato wa sauti kooni), dhi'zaa na dhu'zaa. Kilichonifurahisha kupita yote ni maelezo ya irabu: asili ya neno ni kipimo (yaani umbo la kielelezo) cha fu'laa, kwani sifa haziji kwa kipimo cha fi'laa, ila dhamma (irabu u) iligeuzwa kuwa kisra (irabu i) ili herufi yaa ibaki salama, kama vile wingi wa abyadh, yaani cheupe, unavyokuwa biidh wala si buudh. Dhaaza, yadhuuzu, kwa maana ya kutafuna tende, imewekwa katika mzizi wake wenyewe, na ni vizuri, kwa sababu vitenzi hivi viwili vina umbo moja, dhaaza, katika wakati uliopita.

Kasoro moja ni nzito. Chini ya mzizi huu imepokewa kauli ya mwanasarufi al-Farra kwamba hajulikani msomaji yeyote aliyelisoma neno hili kwa hamza, ilhali Ibn Kathir wa Makka, mmoja wa wasomaji 7 mashuhuri wa Kurani (si yule mfasiri wa Damascus), alisoma dhi'zaa. Ibn Mandhur alikusanya vitabu 5 vya waliomtangulia, na walichokosea wao kimebaki humu. Anayetafiti neno la Kurani awe na kitabu cha visomo, yaani namna zilizopokewa za kuisoma Kurani, mkononi.

Naipendekeza kwa maktaba ya chuo na kwa mwanafunzi aliyekwisha kusoma sarfu, elimu ya maumbo ya maneno. Anayeanza, ikiwa anasoma Kiingereza, atapata wepesi katika kamusi ya Edward Lane, iliyopangwa kwa herufi ya kwanza, ingawa inapungua sana kuanzia herufi qaf kwa kuwa Lane alifariki mwaka 1876 kabla ya kuimaliza. Kwa mizizi inayoanza na dhad, iliyo kabla ya qaf, kazi ni ya Lane mwenyewe, nami huifungua kando ya Lisan, si badala yake.