Tiketi ya siku 3 ya Angkor: inalipa, ila anzia Roluos

Tiketi ya kuingia eneo la Angkor, Kambodia, yaliko mahekalu ya mji mkuu wa kale wa ufalme wa Wakhmer, ni za aina tatu: siku 1 dola 37, siku 3 dola 62, siku 7 dola 72. Kwa kiwango cha shilingi 3,600 kwa dola, hiyo ya siku 3 inakula kama 223,000 za Uganda. Si hela ndogo, na wengi wanaotoka Entebbe kwenda huko hurudi wakisema mahekalu yote yanafanana. Mahekalu hayana kosa. Kinachowaponza ni ratiba: dereva huwapeleka alfajiri ya kwanza Angkor Wat, hekalu lililojengwa karne tatu baada ya ufalme wenyewe kuanza, na kuanzia hapo hakuna anayejua nini kilitangulia nini.

Tiketi ya siku 3 hutumika siku zozote tatu ndani ya siku 10, si lazima zifuatane. Huo ndio uzuri wake, kwa sababu inakupa nafasi ya kuzunguka kwa mfuatano wa wafalme. Siku 1 haitoshi chochote cha maana. Na kama utalala Siem Reap, mji wa jirani na mahekalu, zaidi ya siku nne, ongeza dola 10 uchukue ya siku 7. Hapo hakuna cha kujiuliza.

Siku ya kwanza nenda Roluos, kilomita 13 mashariki ya mji, kando ya Barabara ya Taifa namba 6. Mwaka 802 Jayavarman II alijitangaza mfalme mkuu juu ya mlima Kulen (mlima una tiketi yake, haumo kwenye hii), lakini mji mkuu uliokuja kukaa uwandani ni Hariharalaya, na mabaki yake ndiyo haya ya Roluos. Anza na Preah Ko, hekalu la matofali la miaka ya 870 mwishoni. Sogea karibu na kuta: bado zina vipande vya lipu ya chokaa yenye michongo, na hapo unagundua kwamba matofali unayoyaona leo hayakukusudiwa kuonekana. Halafu panda Bakong, la mwaka 881, la Indravarman I. Kwenye pembe za ngazi tatu za chini kuna tembo wa mawe, na kila ukipanda tembo wanapungua ukubwa, ili jengo lionekane refu kuliko lilivyo. Mnara wa juu kabisa usikudanganye, uliongezwa karne ya 12.

Ukitoka hapo pita Lolei, la mwaka 893. Lilijengwa kisiwani, katikati ya bwawa la Indratataka lenye urefu wa kilomita 3.8 na upana wa mita 800. Ukielewa bwawa hili umeelewa nusu ya ufalme. Halikuchimbwa kwenda chini; walipandisha tuta la udongo pande zote nne, maji yakakaa juu ya usawa wa mashamba na kushuka yenyewe kwa mifereji. Mkulima wa mpunga wa Doho kule Butaleja hahitaji maelezo zaidi. Yasovarman I alipohamishia mji mkuu Yasodharapura, ndipo Angkor tunayoijua, alijenga bwawa kubwa zaidi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 7, na kilele cha mji kikawa kilima cha Phnom Bakheng. Panda huko jioni hiyo hiyo, lakini wahi: juu wanaruhusiwa watu 300 tu kwa wakati mmoja, na wanaosubiri machweo hujaza nafasi mapema.

Siku ya pili ni ya mji mkuu kurudi Angkor. Kati ya 928 na 944 makao ya mfalme yalikuwa Koh Ker, mbali kaskazini mashariki, ambako kuna piramidi ya mita 36. Huko nako kuna tiketi yake na safari ya kutwa nzima. Rajendravarman ndiye aliyerudisha enzi Angkor, akajenga Mebon ya Mashariki (953) katikati ya lile bwawa la Yasovarman, na Pre Rup (961). Kwenye Mebon angalia gati za lateraiti unapopanda: mashua zilitia nanga pale. Lateraiti ni jamaa wa murram ya barabara zetu. Huchimbwa ikiwa laini, ikikaa hewani inakuwa ngumu, na ndiyo iliyojaza matumbo ya mahekalu mengi. Jiwe la mchanga lenye nakshi ni la nje. Malizia Banteay Srei (967), dogo, jekundu, lenye nakshi kali kuliko yote. Lenyewe hufungwa saa 11 jioni, kwa hiyo usilifanye la mwisho kabisa kama umechelewa kuondoka.

Siku ya tatu sasa, Angkor Wat. Suryavarman II, karne ya 12, kwa ajili ya Vishnu, mungu wa Kihindu. Linatazama magharibi, hivyo picha za uso wa jengo ni za mchana, alfajiri unapata kivuli chake tu. Handaki la maji lenye upana wa mita 190 si pambo: msingi umekaa juu ya mchanga, na unyevu usiobadilika ndio unaozuia mchanga kutitia. Kuingia sehemu ya juu kabisa lazima mabega na magoti yafunikwe kwa nguo halisi. Leso ya kujitupia hairuhusiwi. Gomesi lingepita bila swali, ila ngazi zile ni kama ukuta, sishauri.

Toka hapo uende Angkor Thom, mji wa Jayavarman VII, aliyetawala kuanzia 1181, miaka michache baada ya Wacham, watu wa ufalme jirani wa Champa, kuivamia Angkor mwaka 1177. Ndiyo maana kuta: kilomita 3 kila upande, mita 8 kwenda juu, malango matano. Wengi hukimbilia nyuso za mawe za Bayon, hekalu la katikati ya mji huo, na kuziacha kuta zake za nje za chini zenye michongo, na huko ndiko waliko watu: mapigano ya majogoo, mama akijifungua, samaki chini ya mashua za vita, wanawake sokoni. Mchina Zhou Daguan, aliyekaa mjini 1296 hadi 1297, aliandika kwamba biashara ilikuwa mikononi mwa wanawake. Ta Prohm, lile la mizizi ya miti, liweke mwisho. Saa moja inatosha.

Mambo ya kununua. Tiketi huuzwa na Angkor Enterprise, ofisini kwao au kwenye tovuti yao rasmi tu, ina picha yako, haihamishwi. Ikipotea unalipa upya. Watoto chini ya miaka 12 hawalipi, lakini pasipoti ionyeshwe. Dola 2 za kila tiketi huenda hospitali za watoto za Kantha Bopha. Noti yenye mchaniko wowote hukataliwa, basi zikague ukiwa bado kwenye duka la fedha Kampala. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwani abiria kutoka Uganda wanadaiwa. Na mwenye tuktuk: bei anayotaja kwanza ni ya mzunguko mdogo wa kilomita 17. Roluos na Banteay Srei ziko nje yake, mpatane kabla ya kupanda.

Alama 4 kati ya 5. Ile moja imekatwa kwa sababu tiketi inaishia pale ufalme ulipoyumba: ukame na mafuriko yaliyoharibu mifereji, kisha Waayutthaya, watu wa ufalme uliokuwa Thailand ya leo, kuuteka mji mwaka 1431. Miji mikuu ya baadaye, Longvek na Oudong, iko kusini, njia ya Phnom Penh. Anayerudi nyumbani kupitia Phnom Penh akodi gari nusu siku aende Oudong, kama kilomita 40 kutoka mjini.