Kisu cha Gurudumu kwa Washonaji wa Kwilti: Nunua Kipi, Kitumieje?

Karibuni mezani, ndugu watazamaji. Leo nimeweka hapa visu vitatu vya gurudumu, yaani vyenye wembe wa duara unaozunguka, mkeka wa kukatia na rula, kwa sababu wengi mnaoanza kushona kwilti, yaani blanketi la vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, mnakwama palepale: ninunue kipi? Jibu nalitoa sasa hivi. Nunua cha milimita 45. Hela inayobaki iende kwenye rula nzuri na nyembe za akiba, wala usihangaike na mpini wa kifahari.

Milimita hizo ni kipenyo cha wembe. Vipo vya 18, 28, 45 na 60. Hiki cha 28, kitazame kinavyogeuka: kinafuata kiolezo cha ua au cha duara bila kuacha mstari. Ila kipe kazi ya kukata mistari mirefu mchana kutwa, mkono utakuuma. Hiki cha 60 kinapita tabaka nyingi kwa mpigo mmoja, lakini ni kizito, na ukikata kona ya ndani kinapitiliza upesi mno. Cha 45 kinamudu tabaka nne hadi sita za pamba, na tao pana nalo kinaliweza. Olfa ya Japani ndiyo iliyotoa kisu cha kwanza cha aina hii mwaka 1979. Kabla ya hapo mshonaji alichora kila kipande kwa kiolezo, kisha akakikata kwa mkasi. Hebu fikiria kwilti nzima ya vipande mamia.

Mipini iko ya namna mbili. Huu una kifuniko unachokisukuma kwa kidole gumba. Huu mwingine unaubana ndipo wembe utoke. Ukiuachia, wembe unarudi ndani wenyewe. Nyumba yenye watoto, chukua huu wa kubana. Mwenye vidole vinavyouma atauona mzito baada ya muda, basi achukue ule wa kifuniko, na awe mkali kwa nafsi yake: kisu kikigusa meza kiwe kimefungwa, kila mara. Wembe huu hauhitaji nguvu, ukikuparaza tu umekukata. Na ninyi mashoto, kabla hamjalipa hakikisheni wembe unaweza kuhamishiwa upande wa pili wa mpini, maana ndio unaopaswa kulala kwenye ukingo wa rula. Si visu vyote vinavyokubali.

Rula. Tafadhali, rula ya shule iacheni shuleni. Ni nyembamba, wembe unaipanda, na ukishaipanda unakuja kwenye vidole. Inayotakiwa ni hii ya akriliki, nene, inayoonyesha kitambaa chini yake. Ya inchi 6 kwa 24 itakutosha kwa kazi nyingi. Mkeka hauna maneno mengi: uwe ule unaojifunga baada ya kukatwa, na usiuweke juani, wala ndani ya gari lenye joto, wala usipige pasi juu yake. Ukijikunja haunyooki tena.

Sasa tukate. Kitambaa kimepigwa pasi. Nakikunja ukingo kwa ukingo, halafu nakishika juu hivi nione mkunjo unavyoning'inia. Ukiwa na mawimbi, nasogeza ukingo mmoja kulia au kushoto mpaka utulie. Mstari wa rula nauweka juu ya mkunjo wenyewe, si juu ya mistari ya mkeka. Mkono wa kushoto natandaza vidole, kidole cha mwisho kinakaa nje ya rula, kwenye kitambaa, kiizuie isiteleze. Nakata kwenda mbele, mbali na mwili. Wembe ukifika usawa wa ncha za vidole nasimama, kisu nakiacha palepale, mkono unapanda juu, ndipo naendelea. Ukivuta mkono ulioko chini ili umalizie mstari wa juu, rula inazunguka kidogo na ukanda wa kitambaa unaoukata umeharibika.

Fungua ukanda uutazame. Ukiwa umepinda katikati kama herufi V, rula haikukaa pembe mraba na mkunjo. Usijiambie pasi itaurekebisha, haitaurekebisha. Mraba wa inchi 2 uliokamilika unakatwa inchi 2½, kwa kuwa kila upande unaliwa robo inchi na mshono. Kosea 1/16 ya inchi tu kwenye kila kipande, na safu ya vipande 12 imepotea robo tatu ya inchi. Ndiyo maana nasisitiza rula kuliko kisu.

Hapa nataka msogee karibu na kamera. Mnaona nyuzi hizi ambazo hazikukatika? Moja hapa, nyingine hapa, nyingine hapa, kila baada ya sentimita 14 hivi. Huo ndio mzunguko mzima wa wembe wa 45. Maana yake wembe una pengo mahali pamoja, mara nyingi kwa kukanyaga pini, na kila ukizunguka pengo linaacha uzi. Huo badilisha. Lakini kama nyuzi zinabaki ovyo ovyo na unajikuta unakandamiza, usikimbilie kununua. Fungua nati, toa wembe taratibu, futa vumbi la pamba lililojificha nyuma yake, tia tone la mafuta ya cherehani, urudishe. Nati usiikaze sana, wembe lazima uzunguke kwa wepesi. Mara nyingi kisu kinafufuka.

Unapoweka wembe mpya, hakikisha ni mmoja. Zinakuja na mafuta, na mbili zinaweza kugandana kama kurasa mpya za kitabu. Uliochoka kidogo bado unafaa kwa karatasi za violezo. Uweke alama ya kalamu usije ukarudi kwenye kitambaa. Ambao haufai kabisa utie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, likijaa lizungushie tepu ndipo ulitupe, kwani mtu anayebeba taka hajui kilichomo.