Kisanduku cha kuchunguzia viumbe wa udongoni: maoni ya mzazi wa Nyegezi

Mwezi uliopita nilinunua, katika duka moja la vifaa vya shule katikati ya jiji la Mwanza, kisanduku cha kuwafundishia watoto viumbe wanaoishi udongoni. Bei yake ilikuwa shilingi 18,000. Ndani mna lenzi ya mkono, kopo la plastiki, faneli yenye wavu, koleo dogo na kijitabu cha Kiswahili. Tumekitumia Jumamosi nne mfululizo, mimi na wanangu wawili wa miaka 7 na 10, katika bustani yetu ya Nyegezi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni faneli. Udongo wenye majani yaliyooza huwekwa juu ya wavu, taa huwashwa juu yake, na chini hutegwa kikombe chenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Viumbe, kwa kuwa hukimbia mwanga na ukavu, hushuka kidogo kidogo mpaka wakadondoka kikombeni. Umeme ulipokatika tuliiweka juani, nayo ikafanya kazi vilevile. Udongo wa chini ya mwembe, ambao kwa macho matupu ulionekana hauna kitu, ulitupatia utitiri wenye miguu minane, wadogo kuliko punje ya ulezi, pamoja na vidudu weupe wanaojirusha kwa kijiti kilichokunjwa chini ya tumbo. Binti yangu aliwahesabu wote, wakafika 31, kisha akawarudisha mwembeni bila kuambiwa. Udongo wa kichanga wa kando ya njia, ule ambao Wasukuma huuita luseni, ulitoa viumbe watatu tu, na hapo ndipo mdogo wake alipouliza kama walikuwa wachache kwa sababu hapakuwa na majani ya kula. Alikuwa amepatia kabisa.

Sehemu ya nyungunyungu imeandikwa vizuri. Watoto wa kandokando ya ziwa humjua kama chambo, lakini wengi hawajui kwamba hana macho wala mapafu, kwamba hupumua kupitia ngozi inayopaswa kuwa na unyevu wakati wote, na kwamba njia anazochimba hupitisha hewa na maji hadi kwenye mizizi. Tulimweka juu ya karatasi kavu kwa muda mfupi, tukanyamaza, tukasikia vinyweleo vyake vikikwaruza. Bakteria wamepewa nusu ukurasa, ingawa zoezi lake ni zuri: kung'oa mche wa kunde na kutazama vinundu mizizini, ambamo bakteria hunasa naitrojeni ya hewani kwa ajili ya mmea.

Kasoro zipo. Kijitabu kinawaita viumbe wote wadudu, ilhali mdudu ana miguu sita, na jongoo na tandu si wadudu. Ni muhimu mtoto awatofautishe hao wawili: jongoo ana jozi mbili za miguu karibu katika kila pingili na hula majani makavu, na tandu ana jozi moja, huwinda, na sumu yake inauma sana. Picha nyingi zimetoka Ulaya, kwa hiyo mchwa na kichuguu chake hawamo, wala siafu, wala kumbikumbi ambao watoto wetu huwakimbilia mvua zinapoanza.

Kasoro iliyonitia wasiwasi zaidi ni ukurasa unaowaelekeza watoto waingie kwenye maji ya kina kifupi kuchota tope. Kando ya Ziwa Victoria maelekezo hayo ni ya hatari, kwa sababu konokono wa majini hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Vilevile hakuna neno lolote kuhusu viatu, ingawa minyoo ya safura huingia mwilini kupitia nyayo tupu, wala kuhusu kunawa mikono kwa sabuni baada ya kazi. Sisi tuliufunga ukurasa huo kwa gundi.

Lenzi inakwaruzika upesi. Itunzwe ndani ya kitambaa. Hata hivyo, kwa ajili ya faneli peke yake ninakipendekeza kisanduku hiki kwa watoto wa kuanzia miaka 6, mradi mtu mzima awe karibu nao. Nilirudi dukani kumweleza muuzaji kuhusu ukurasa wa tope, naye akakubali kubandika karatasi ya tahadhari kwenye visanduku vilivyobaki.