Jiliwa la mnyororo la miguu mitatu
Kwa fundi bomba anayepanda miinuko ya Kigoma mjini, jiliwa hili, yaani kibano cha kushikia bomba, linafaa: hukunjwa, likabebwa begani. Bomba la chuma la inchi ½ hadi 2 halizunguki unapochonga nyuzi (mikato ya kuungia bomba), ila meno ya jiliwa yakijaa mafuta na chenga za chuma bomba litateleza tu. Yasugue kwa brashi ya waya. Bomba zima la mita 6 liwekee tegemeo upande wa pili, la sivyo uzito wake utapindua jiliwa. Penye mchanga, kama kule Ujiji karibu na ziwa, miguu huzama, tandika ubao. Kwa plastiki silipendi: mnyororo huacha makovu, ukikaza sana bomba hupasuka. Ikibidi, zungushia kipande cha tyubu ya baiskeli.